Kupima Mlango wa Wageni Kwenye Seva ya XMPP

Ukitaka kujua kama seva ya XMPP imesukwa na mafundi makini, tazama inavyompokea mtu asiyetaka kujitambulisha. Itifaki hii ya ujumbe wa papo kwa papo, iliyoanza mwaka 1999 kwa jina la Jabber, humwingiza mgeni kwa njia iitwayo SASL ANONYMOUS, iliyoelezwa katika RFC 4505 ya mwaka 2006. Njia yenyewe ni fupi mno. Ubora na ubovu hujitokeza baada ya mgeni kuingia.

Anza na anwani. Kwenye XMPP hakuna mazungumzo bila anwani, hivyo hata asiye na akaunti hupewa yake. Ingia, isome, toka, kisha ingia tena. Seva nzuri hukupa UUID, mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu usiobashirika, na mara ya pili hukupa mwingine kabisa. Ukikuta “mgeni1” halafu “mgeni2”, shtuka: anwani ya aliyeondoka ikimwangukia mwingine, jibu alilokusudiwa wa kwanza litasomwa na wa pili. Kibaya zaidi ni kumwachia mgeni ajichagulie jina. Programu ya seva iitwayo ejabberd ina hali ya login_anon, ambapo jina lolote lisilo na mwenyewe hupita na nenosiri lolote. Ni rahisi kutumia, ila humruhusu laghai ajiite “msimamizi”. Mimi ningeweka hali yake nyingine, sasl_anon, inayotumia SASL ANONYMOUS, bila kusita.

Sasa soma kipande cha mwisho cha anwani, kile kinachofuata mkwaju (/). Hapa ndipo fundi hodari hutambulika, maana wengi hupasahau. Programu ya mtumiaji huweza kupendekeza kipande hicho, pengine kwa kutumia jina la kompyuta. Seva makini hulipuuza pendekezo hilo na kuweka kipande chake. UUID safi inayofuatwa na “/laptop-ya-Asha” haijaficha kitu.

Jaribu pia mipaka. Prosody, programu nyingine ya seva, isipobadilishwa, humzuia mgeni kuwasiliana na seva nyingine. Ni uamuzi wa busara, kwani mtuma ujumbe taka mmoja aweza kukifanya kikoa kizima kikataliwe kwingine. Jitsi Meet, programu ya mikutano ya video, nayo huweza kupangwa hivi: mwenyeji wa mkutano huingia kwa nenosiri, waalikwa hupitia kikoa chao cha peke yao. Orodha ya marafiki na ujumbe wa kusubiri mgeni arudi havihitajiki. Vikihifadhiwa, mgeni anakumbukwa.

Swali gumu ni la waharibifu. Kuifungia anwani hakusaidii, kwa kuwa mharibifu atarudi na nyingine dakika hiyohiyo. Seva hulazimika kupunguza kasi kwa kufuata namba ya IP. Kwa hiyo mgeni amefichika kwa wanaoongea naye, hajafichika kwa mwenye seva. Muulize msimamizi kumbukumbu za IP hufutwa baada ya muda gani. Akishindwa kukutajia muda, usiitumie seva hiyo kwa jambo la siri.