Herufi Tatu za Msahihishaji

Barua na mialiko ya Kiingereza inayofika mezani kwangu siku hizi ina ugonjwa mmoja. Ya semina, ya uzinduzi wa miradi, ya harusi za watoto wa wakubwa, yote inanijulisha kwamba shughuli iko "pre-planned". Mkutano ni pre-planned, ziara ni pre-planned, hata chai ya saa nne ni pre-planned. Wanaoandika hivyo wana shahada, wana kompyuta zinazopiga mstari mwekundu chini ya kila kosa la tahajia, na wana haraka. Wanachokosa ni mtu wa aina ya yule aliyekuwa akikaa pembeni ya chumba cha habari, karibu na dirisha, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma kila kitu kabla msomaji hajakiona.

Sisi tulimwita Mzee tu. Alikuwa msahihishaji wa prufu katika gazeti la Kiingereza mjini Dar es Salaam, na ujanani nilikalishwa kando yake nijifunze kazi. Kufundisha kwake hakukuwa na hotuba. Ukurasa ukiletwa bado unanuka wino, aliulaza mezani, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, kisha akaishusha mstari hadi mstari, midomo ikicheza bila sauti. Alisoma mara mbili: kwanza akitafuta herufi, halafu akitafuta maana. Kalamu yake nyekundu ikifika kwenye pre-planned ilikata herufi tatu na kistari chake, ikachora kitanzi cha kufuta pembezoni, na rula ikaendelea kushuka.

Siku moja nikathubutu. "Mzee, neno hili lina kosa gani? Mbona tahajia yake ni sawa?"

Hakuinua macho. "Mwanangu, umewahi kuipanga safari ukiwa umesharudi?"

"Hapana, Mzee."

"Basi hiyo pre imekuja kufanya nini?"

Somo likaishia hapo. Mpango kwa asili yake hulitangulia jambo. Kuutanguliza tena ni kumvika mtu kilemba juu ya kilemba: hajazidi heshima, amezidi uzito tu.

Baadaye nilitambua kwamba swali lile lilikuwa kipimo, na kwamba linafaa kwa ukoo mzima wa maneno yanayoanza na pre. Ukikutana na pre, tafuta kinyume chake. Ukikipata, herufi hizo zina kazi. Prepaid ni neno halali, kwa kuwa yako malipo ya kabla na yako malipo ya baada. Anayenunua umeme wa LUKU analijua hilo bila kufundishwa, hasa kama anakumbuka enzi za ankara iliyokuja baada ya umeme kutumika. Prefabricated nalo ni halali: nyumba ambayo vipande vyake vimeundwa kiwandani ni nyingine, na nyumba inayojengwa tofali kwa tofali pale pale kiwanjani ni nyingine. Lakini kinyume cha pre-planned ni kipi? Kitu kilichopangwa baada ya kutokea? Hicho hakiitwi mpango, huitwa kisingizio.

Prearranged ndilo neno gumu kuliko yote, na ndilo linalompambanua fundi na kibarua. Mara nyingi arranged peke yake inatosha, kama vile ndoa ya kupangiwa isivyohitaji kiambishi chochote ili ieleweke kwamba wazee walikaa kwanza. Lakini fikiria watu wawili sokoni. Mmoja anajikuna sikio, na papo hapo mwenzake anauchomoa mkoba wa mama aliyeinama kuchagua nyanya. Wapita njia wameona mtu akijikuna. Kiingereza kikiiita ishara ile prearranged, kila herufi inalipa kodi yake: inamwambia msomaji kwamba kilichoonekana kama jambo la bahati tu kilikuwa kimeafikiwa mapema. Neno hilo huwafaa waliokula njama, waliofanya siri, waliopeana miadi mbele za watu bila watu kujua. Mkutano wa bodi uliotangazwa kwa barua hauna siri yoyote. Uachie arranged yake.

Wako watakaosema huu ni ubishi wa watu wasio na kazi. Nawaalika mahakamani. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kwa Kiingereza chake, inataka kosa la mauaji lithibitishwe kuwa lilitendwa kwa malice aforethought, yaani nia ovu iliyofikiriwa kabla. Mwandishi kijana anasikia hilo neno la mwisho, aforethought, anaona ndani yake wazo la kutangulia, na kesho yake gazeti linaandika juu ya mtuhumiwa wa "pre-planned murder". Sheria haikusema hivyo. Nia ya kuua au ya kudhuru vibaya inatosha, hata kama iliingia moyoni wakati huo huo wa ugomvi, bila mpango, bila kikao, bila panga lililonolewa jana yake. Mtu ambaye kesi yake bado haijaamuliwa tayari ameongezewa na gazeti usiku mzima wa kula njama. Mzee alipokuta sentensi kama hizo hakufuta herufi tu. Alisimama, akamwendea mwandishi, akazungumza naye kwa sauti ya chini mbali na wengine, maana hakuwa mtu wa kumwaibisha mtoto wa mwenziwe.

Hata hivyo, alama niliyoipenda kuliko zote katika ufundi ule haikuwa ya kufuta. Ilikuwa ya kurudisha. Msahihishaji akilikata neno kisha akajirudi, huweka nukta nukta chini yake na kuandika pembezoni neno la Kilatini, stet, yaani liachwe libaki. Nilimwona Mzee akilitumia katika habari ya wizi wa benki. Mkono, kwa mazoea, ulikuwa umeshaikata pre ya prearranged. Rula ikakataa kushuka. Akairudia sentensi, akagundua kwamba ishara iliyosimuliwa pale ilikuwa kweli ya njama, akapiga nukta zake moja moja, taratibu, na kuandika stet kwa mwandiko mzuri kuliko alioutumia kufuta. Aliipa nukta hizo muda ambao mwingine angetumia kumaliza aya nzima. Kwa kalamu iliyozoea kukata haikuwa mwiko kukiri, kwa maandishi, mbele ya fundi mitambo na kijana anayejifunza, kwamba neno la mwingine lilikuwa sahihi. Sijui kitufe cha kompyuta chenye adabu hiyo.

Ufundi huo ulikuwa na mababu zake. Juu ya meza ya Mzee palikaa kitabu cha Henry Watson Fowler, kilichofumuka mgongo. Fowler alikuwa mwalimu wa shule aliyeacha ualimu, akahamia kisiwa cha Guernsey, na huko yeye na mdogo wake Francis wakaandika The King's English, kilichotoka mwaka 1906, na kamusi ndogo ya Oxford ya mwaka 1911. Francis akafariki mwaka 1918. Kaka mtu akaendelea peke yake, na mwaka 1926 akatoa kile kitabu kikubwa cha matumizi ya Kiingereza ambacho wahariri wengi duniani hukiita tu kwa jina lake. Alikitabaruku kwa marehemu nduguye. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Hazina ya Uingereza ilimwomba Ernest Gowers, mtumishi wa serikali wa miaka mingi, awafundishe maofisa kuandika barua zinazoeleweka. Ndipo kikapatikana Plain Words, mwaka 1948. Tazama hapo: serikali iliyotoka vitani, yenye madeni na chakula cha mgawo, iliona barua iliyojaa maneno ya bure ni tatizo la taifa.

Mitambo nayo ilisaidia kulea uangalifu. Zama za linotaipu, kila mstari wa gazeti ulimiminwa kwa risasi iliyoyeyushwa ukawa kipande kimoja. Herufi moja ikikosewa, mstari wote ulitupwa na kumiminwa upya. Kosa lilikuwa na uzito unaoshikika mkononi, kwa hiyo watu walifikiri kwanza. Leo kosa halina gharama kwa anayelitenda. Gharama yake inabebwa na msomaji, kidogo kidogo, mpaka anazoea kusoma bila kutegemea maana. Kompyuta inaiona pre-planned, inaikuta imeandikwa sawasawa, inainyamazia. Na ukimbana mwandishi, anakufungulia kamusi: neno si limo? Limo, ndiyo. Kamusi nzuri huandika yanayosemwa na watu, na ndiyo maana toleo la tatu la kamusi ya Webster lililotoka Marekani mwaka 1961 liliwakasirisha wengi waliotaka hakimu wakaletewa shahidi. Kuwamo kamusini ni ushahidi kwamba watu wamelisema neno. Kama lilistahili kusemwa katika sentensi hii ni kazi ya mtu mwenye kalamu, na mtu huyo ameachishwa kazi.

Ameachishwa kweli. Magazeti yalipobana matumizi, meza ya prufu ndiyo iliyotangulia kuondolewa, kwa kuwa kazi ya msahihishaji ikifanywa vizuri haionekani. Nani amewahi kuwapigia wahariri simu kuwashukuru kwa neno lisilokuwamo? Na uzembe haukubaki kwenye Kiingereza. Umevuka hadi kwetu, tukaanza kusoma kwenye magazeti ya Kiswahili juu ya "mipango iliyopangwa kabla ya awali", lugha ambayo bibi asiyejua kusoma angeikataa kwa kuisikia tu.

Ninyi mnaoandika Kiingereza maofisini, na walimu mnaokifundisha, nina ombi dogo. Kesho mkitaka kuarifu kwamba mkutano umepangwa, andikeni planned, mwache hapo. Pre iwekeni akiba kwa neno linaloidai. Na kama katika ofisi yenu bado yupo mtu mmoja anayesoma kwa rula na kalamu nyekundu, msimstaafishe kabla hajamkalisha kijana kando yake.