Mpelelezi Asomaye Mioyo

Watu wa Ngokolo, katika mji wa Shinyanga, hawahitaji kufundishwa ya kuwa wako wadaio kuyaona yaliyofichwa moyoni mwa mwenzao. Wasukuma humwita mtu wa namna hiyo mfumu. Mtoto akifa ghafula, wenye msiba humwendea. Naye huchinja kifaranga, hutazama matumbo yake, kisha hutaja au hudokeza alikotoka adui. Kwa hiyo kitabu tutakacho kukipima hapa, ijapokuwa kiliandikwa Marekani, si kigeni kwetu kama kionekanavyo.

Kitabu hicho ni The Demolished Man cha Alfred Bester, kilichotokea kwanza katika gazeti la Galaxy mwaka 1952, na mwaka 1953 kikapata tuzo ya Hugo ya riwaya, iliyotolewa kwa mara ya kwanza. Habari zake ni za karne ya 24, ambapo wako watu wenye uwezo wa kusoma mawazo. Uuaji umekuwa jambo adimu mno, kwa maana mwenye nia mbaya hujulikana kabla hajanyosha mkono. Hata hivyo tajiri Ben Reich amwua D'Courtney, mshindani wake wa biashara. Na Lincoln Powell, mkuu wa polisi asomaye mawazo, ndiye apaswaye kumkamata.

Sifa kubwa ya kitabu, twaona, ni hii: Powell amjua mwuaji mapema, wala hawezi kumshitaki kwa ujuzi huo. Sheria haikubali ushahidi uliochotwa rohoni mwa mtu. Sharti athibitishe sababu, njia na nafasi, kama mpelelezi mwingine ye yote. Mwandishi dhaifu angaliuacha uwezo ule umalize kazi yote, na hadithi ingalikufa katika sura ya pili.

Tena liko jambo zito zaidi. Reich mwenyewe adhani ameua kwa ajili ya biashara, na Powell ajenga mashtaka yake juu ya hilo. Ndipo itambulikanapo ya kuwa D'Courtney alikwisha kulikubali shauri la Reich la kuungana, naye Reich aliusoma ujumbe wake kinyume. Sababu ya kweli ilikuwa imefichika hata kwake. Basi, ikiwa mwenye moyo haujui moyo wake, amchunguliaye atajua nini?

Kasoro hazikosi. Barbara, binti wa marehemu, apoteza akili na kuwa kama mtoto mchanga. Powell amlea nyumbani mwake, kisha ampenda kama mchumba. Hilo halikutupendeza, wala hadithi haikulihitaji.

Ndugu yake kitabu hiki yuko Unguja. Katika Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammad Said Abdulla, kilichopigwa chapa mwaka 1960, maiti yaonekana penye mzimu uogopwao. Bwana Msa hasomi mioyo. Atazama, auliza, alinganisha maneno. Mmoja hana uwezo wa ajabu, mwingine anao, na wote wawili warudi kwenye njia moja: ushahidi uwezao kuonwa na kila mtu.

Twasisitiza hayo kwa kuwa katika Shinyanga na Geita wazee wa kike wameuawa kwa mapanga, wakidhaniwa wachawi, pengine kwa macho mekundu tu, ambayo huletwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Neno la mpiga ramli lilikuwa mashtaka na hukumu pamoja. Mwezi wa Januari mwaka 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Lakini marufuku huzuia mkono. Haijibu swali lililomo kichwani mwa mwenye msiba.

Kwa hiyo mwalimu awasimulie wanafunzi wakubwa hadithi hii, kisha awaulize: Powell alijua hakika, mbona hakuhukumu? Atakayejibu vema hatakuwa mwepesi kushika panga kwa sababu ya matumbo ya kifaranga.