Emisambwa na Mizimu: Uhakiki wa Habari za Kale za Mara

Kitabu cha Jan Bender Shetler, Telling Our Own Stories, kilichopigwa chapa Leiden mwaka 2003, chakusanya habari za kale za Mara ya Kusini zilizoandikwa na wenyeji kwa Kiswahili, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Sifa yake kubwa ni kwamba maneno ya wenyewe hayakufichwa nyuma ya tafsiri. Lakini yafaa kukumbuka kwamba Kiswahili hicho nacho ni tafsiri. Wazee hao hawakuandika kwa lugha za mama zao.

Mashujaa wa habari hizo ni wasafiri. Nyakinywa, mwanamke mwenye elimu ya mvua, alitoka Kanadi katika Usukuma akafika Ikizu. Waikoma wa Serengeti nao husimulia juu ya Machaba, pembe za ndovu walizozipata kwa nabii wa Watatoga. Yaani elimu ya dini huja kutoka ugenini, kisha hukaa mahali: pangoni, kilimani, chemchemini. Hapo ndipo palipokuwa chuo, ijapokuwa hapakuwa na paa wala kitabu.

Mahali hapo na nguvu iliyomo huitwa emisambwa. Neno hili lina ndugu zake mbali: Waganda wana misambwa, na David Schoenbrun, katika A Green Place, A Good Place (1998), ameonyesha ukale wa shina lake katika lugha za Maziwa Makuu. Mwandishi wa Kiswahili akilitafuta neno la kulikidhi, hukimbilia “mizimu”. Hakukosa kabisa. Kiswahili cha zamani kiliita mzimu roho ya marehemu na pia mahali pa kutolea sadaka. Ndiyo maana watu walikwenda “mzimuni”. Lakini masikio ya leo husikia jinamizi la usiku tu. Mahali pamepotea, na pamoja nalo habari yote ya safari, kwa kuwa msafiri asiyefika mahali hana alilolianzisha.

Hatari ya namna hiyo yaonekana pia Tarime. Wakuria husema asili yao ni Misiri, na Paul Asaka Abuso ameyashughulikia mapokeo hayo katika A Traditional History of the Abakuria (1980). Baadhi ya wanahistoria wameitafuta Misiri hiyo karibu na Mlima Elgon. Mwandishi akiiondoa irabu moja akaandika “Misri”, amekwisha kukata shauri bila ya ushahidi: msomaji amepelekwa kwa Musa na Farao. Jina la mapokeo lapaswa kuandikwa kama linavyotamkwa, na hoja ya ramani iachiwe wachunguzi.

Huenda ikasemwa kwamba neno geni litamchosha msomaji. Hoja hiyo haina nguvu. Kiswahili kimekwisha kupokea “ikulu” kutoka Unyamwezi na Usukuma, na wanaisimu wenyewe walichukua “ngeli” kutoka Kihaya. Emisambwa laweza kuelezwa mara moja, kisha likaachwa lifanye kazi yake.

Tena jambo hili si la wanakamusi peke yao. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na Shetler, katika Imagining Serengeti (2007), aeleza jinsi watu wa magharibi ya Serengeti walivyotengwa na mahali pa wahenga wao. Mtoto asiyeweza kupelekwa pangoni na babu yake amebakiwa na maandishi. Ikiwa maandishi hayo yasema “mizimu” tu, atajua kwamba wahenga waliogopa kitu, wala hatajua walikwenda wapi kujifunza. Kitabu cha 2003 kimeyaokoa masimulizi. Kazi iliyobaki kwa wahariri wa Kiswahili ni kuyaokoa majina.