Saa za Nani?

Paul LeBlanc aliongoza Southern New Hampshire University, Marekani, kuanzia 2003 hadi 2024. Kitabu chake Students First (2021) kina hoja moja niliyoipenda tangu mwanzo: chuo kisihesabu saa ulizokaa darasani, kihesabu unachoweza kufanya. Kazi ukiifanya sawasawa, imepita. Ikipungua unaambiwa "bado", unairudia.

Jamani, nani anaielewa hoja hiyo kutushinda sisi? Mgao unakula siku nzima. Mtoto akishikwa na malaria, wiki imekwenda. Ratiba ya chuo cha kawaida ingenitupa nje mwezi wa kwanza. Na mzee huyu hakuishia kusema: chuo chake, pamoja na Kepler, kilifikisha digrii ya namna hiyo hadi kambi ya Kiziba, Rwanda, kwa Wakongomani wenzetu.

Ninapogombana naye ni kwenye hatua inayofuata. Kwake digrii ni mlango wa kazi. Ndivyo ulivyofunguka kwake mwenyewe, mtoto wa wahamiaji kutoka Kanada, wa kwanza kwao kufika chuo. Lakini yeye alipohitimu, barabara ilikuwa wazi. Sisi huku bila kibali hutoki getini. Jirani yangu ana cheti, anafundisha kwa motisha, ile ya sabuni na vocha. Huyo ameambiwa "bado" kwa lipi?

Kitabu ni cha Kiingereza, nimeazimwa, kinarudi Ijumaa. Ndugu zetu wa mashirika, anayekitaka apite jioni. Sura ya saa nimeipigia mstari kwa penseli.