Ayub Kalule na Elimu ya Miguu

Anayetaka kujua bondia ameiva kiasi gani asiangalie ngumi zake kwanza; aangalie miguu. Konde hufika pale tu mguu ulipolipeleka. Hilo ndilo linalofundishwa jioni katika klabu za Naguru, Katwe na Kisenyi, jijini Kampala: kuruka kamba, kupigana na kivuli, kupiga gunia, kisha kuanza upya. Mpita njia huona vijana wanaotokwa jasho. Mwalimu huona kisigino kilichokanyaga mapema mno, au bega lililotangaza konde kabla halijarushwa, na atasimamisha kila kitu mpaka hatua hiyo moja ikae sawa.

Ninapousifu ufundi huu, jina linalonijia ni Ayub Kalule, mzaliwa wa Kampala wa mwaka 1954. Mwaka 1974 alitwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, katika uzani wa kilo 60. Mwaka huohuo akaenda Havana, yalikofanyika mashindano ya kwanza kabisa ya ubingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa, akapanda hadi kilo 63.5 na kutwaa dhahabu nyingine. Alikuwa na umri wa miaka 20.

Kalule alikuwa mashoto: mguu na mkono wa kulia mbele, wa kushoto nyuma. Wako wanaodhani mashoto huzaliwa na ushindi wake mkononi kwa kuwa wapinzani hawajamzoea. Ugeni huo hauchukui muda kwisha. Mashoto anapokutana na mtu wa mkono wa kulia, miguu yao ya mbele hugombania kipande kimoja cha ulingo, na fundi ni yule anayejua kuutua wake upande wa nje wa mguu wa mwenzake. Akifanikiwa, konde lake la kushoto linapata njia iliyonyooka katikati ya mikono ya mpinzani, huku mkono wa kulia wa mpinzani ukibaki mbali. Hatua yenyewe ni fupi kama upana wa kiganja. Kuipata mara moja ni rahisi. Kuipata ukiwa umechoka, mtu akikurushia makonde, ndiyo kazi ya miaka.

Kazi hiyo ilipimwa tarehe 24 Oktoba 1979 mjini Akita, Japani. Kalule alikuwa ameingia ngumi za kulipwa mwaka 1976, akiishi Denmark chini ya promota Mogens Palle. Alimkabili Masashi Kudo, bingwa wa WBA wa uzani wa pauni 154, nyumbani kwake Kudo, kwa raundi zote 15. Majaji wote watatu walimpa ushindi, naye akawa Mganda wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa. Konde moja zito huweza kuwa la bahati. Dakika 45 za kumzidi bingwa mbele ya watu wake haziwezi.

Wengi humkumbuka kwa usiku wa tarehe 25 Juni 1981, katika uwanja wa Astrodome, Houston, Sugar Ray Leonard alipomwangusha katika raundi ya 9 na mwamuzi akalisimamisha pambano. Mimi naangalia kilichofuata. Mwaka 1982 alipigwa na Davey Moore, kisha na Mike McCallum, na angeweza kuishia hapo. Mwaka 1985, akiwa na miaka 31, alitwaa ubingwa wa Ulaya wa uzani wa kati. Yule kijana wa kilo 60 sasa alikuwa akipigana na watu wa kilo 72. Nguvu zinazomwangusha mtu mwepesi hazitoshi kumtikisa mzito, kwa hiyo anayepanda uzani hubakiwa na kile alichojifunza. Alipostaafu mwaka 1986, alikuwa ameshinda mapambano 46 kati ya 50.

Kampala imewapenda pia mabondia wa aina nyingine. John Mugabi, mshindi wa medali ya fedha Moscow mwaka 1980, aliwaangusha wapinzani wake wote 26 wa kwanza katika ngumi za kulipwa, na mwaka 1989 akatwaa mkanda wa WBC katika uzani uleule wa pauni 154. Kassim Ouma alitwaa wa IBF mwaka 2004, tena katika uzani huo. Waganda watatu, mikanda mitatu, mitindo mitatu. Nguvu za Mugabi zilikuwa tunu, na tunu haifundishiki. Alichokuwa nacho Kalule kinafundishika kwa yeyote mwenye subira ya kusahihishwa, na ndiyo sababu mwalimu anayesimamisha mazoezi kwa ajili ya hatua moja anastahili heshima ileile tunayompa bingwa.