Kitanda cha Kusimamisha Ukutani

Sebule yangu Temeke ina upana wa dhiraa sita, na mgeni wa kwetu halazwi gesti. Ami huvuka kutoka Unguja kuja kuonana na daktari, shemeji huja na mtoto mgongoni, na wote lazima wapate pa kuweka ubavu. Kwa miaka niliwatandikia godoro sakafuni. Asubuhi godoro hilo halina pa kwenda: ukiliegemeza linaanguka, ukilikunja linakunjuka. Nikajaribu kitanda cha chuma cha kukunja. Hewa ya chumvi ikazila springi zake, ikawa mtu akijigeuza usiku nyumba nzima inaamka.

Sasa nina kitanda cha kamba. Nimekitazama sana, kila mara nikiona jambo ambalo sikuliona jana.

Fremu yake ni vipande vinane tu. Matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni, vitakizo viwili, kimoja cha mchagoni na kimoja cha miguuni. Hakuna msumari. Seremala huchonga ndimi kwenye ncha za mifumbati na vitakizo, akazipenyeza katika matundu ya tendegu, kisha akauacha mti hivyo hivyo, unacheza. Ukikiona wakati huo utadhani kazi haijakamilika, na kweli haijakamilika, kwa sababu kinachokifunga kitanda ni kamba. Kamba za upana huivuta mifumbati ielekeane, na ndimi za vitakizo zinazama ndani ya tendegu. Kamba za urefu huvivuta vitakizo, na ndimi za mifumbati nazo zinazama. Mgeni akilala, uzito wake unavuta kamba zaidi, na viungo vinazidi kushikana. Wazee wa visiwa vya Lamu waliishona mitepe yao kwa kamba ya nazi bila msumari, ikabeba shehena baharini. Kitanda hiki ni ndugu wa chombo kile.

Kamba yenyewe ina safari ndefu kuliko mti. Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, kama Jambiani, Paje na Bwejuu, wanawake hufukia makumbi ya nazi kwenye tope la ufukwe ambalo maji hulifunika yakijaa na kuliacha yakitoka, wakayakandamiza kwa mawe. Yanakaa miezi. Yakifukuliwa yananuka vibaya, nayo hupondwa kwa gongo mpaka nyama yote imwagike ubaki usumba mtupu. Ndipo husokotwa. Nyuzi mbili husokotwa zote kuelekea upande mmoja, kisha zikapindwa pamoja kinyume, ili moja ikitaka kulegea mwenzake aizuie. Kazi yote ya kitanda, kwa maoni yangu, imo katika pindo hilo dogo, na anayelifanya ndiye anayetajwa kidogo kuliko wote.

Fundi aliyekiwamba changu alikaa chini, mguu mmoja ukiusukuma mfumbati, mikono ikivuta. Kila baada ya mistari michache alishika kijiti, akazigonga kamba zibanane. Hakupima kwa futi. Alizipiga kwa kidole, akasikiliza, akarudi kuivuta ile iliyojibu kwa sauti nzito. Kitanda huwambwa, kama ngoma inavyowambwa, na siku ile nilielewa kwa nini ni neno moja.

Ukienda kukichagua, usianze na vanishi. Kipindue. Chini ndiko utakakoona kama kamba imeungwa kwa kusokotewa ndani ya nyingine au imefungwa mafundo yatakayokuja kuachia. Sukuma ngumi katikati: pabonyee, parudi. Kinyanyue kwa mkono mmoja; kikihitaji watu wawili, mchana kitabaki palepale na sebule yako imekwisha. Kamba ya manila inang'aa na ni rahisi, lakini hunyumbuka na kuteleza, na mgeni anaamkia shimoni. Ya ukindu ni laini zaidi kwa mgongo. Ya usumba inakwaruza, basi tandika mkeka na godoro jembamba. Ikilegea, inakazwa upya. Wakiingia kunguni, kitoe juani, mimina maji ya moto kwenye viungo. Upana dhiraa mbili unatosha mtu mmoja. Urefu, mpime mgeni wako mrefu kuliko wote: pima moja ilikuwa fupi kwa ami, nikaongeza shibiri.

Alipokuja mwezi uliopita alilala kitandani humo siku nne. Asubuhi ya kwanza nilitoka chumbani nikakuta sebule ni sebule, mkeka umekunjwa, kitanda kimesimama nyuma ya mlango na wavu wake umetuelekea. Nikamwamkia. Akaitikia huku anapitisha kiganja juu ya kamba, polepole, kutoka tendegu hadi tendegu.

"Aliyeisokota hii anatumia mkono wa kushoto," akasema.

Nikaenda kuilinganisha na kamba ya ndoo iliyoko uani. Pindo za ndoo zililalia kulia. Za kitanda, zote, zimelalia kushoto.