Mtego Usionasa

Kituo cha utafiti wa wanyamapori huanza kwa orodha ya vifaa, na orodha huandikwa kwa maneno. Hapo ndipo mfasiri hana budi kuwa mwangalifu.

Tuichukue kamera ifungwayo mtini, ambayo hujipiga yenyewe mnyama apitapo. Wako waiitao "mtego wa kamera". Istilahi hii ina kasoro mbili. Kwanza, mtego wa panya hunasa panya. Basi mtego wa kamera utanasa kamera. Pili, na hili ndilo zito, mtego ni chombo cha kukamatia. Tuseme kituo kinafunguliwa Handeni, na ofisa mtendaji wa kijiji anaandikiwa kwamba watafiti wataweka "mitego 20" msituni. Wananchi, ambao sheria inawakataza kutega wanyamapori bila kibali, waelewe nini?

Kumbe chombo hiki hakimgusi mnyama. Mwaka 2005 kilipiga picha ya sange asiyejulikana na wataalamu katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa. Mwaka 2008 akatangazwa kuwa spishi mpya.

Twapendekeza "kamera vizia", kwani aviziaye hungoja kwa kujificha. "Kola ya redio" ibaki: neno limezoeleka, na chombo hukaa shingoni. Bali "kituo cha shamba" kikataliwe. Handeni shamba ni la mahindi. "Kituo cha uwandani" chatosha.

Istilahi ikishaingia katika nyaraka za Serikali haitoki upesi. Ipimwe kabla ya kupigwa mhuri.